Papa, Nimenunua Kisu cha Ndoano

Papa,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, ninaijua: nilikuwepo walipokufukia kijijini, upande wa Niemba, na udongo ule mwekundu ulikaa chini ya kucha zangu mpaka niliporudi Kalemie. Hali yetu sisi ni ya watu waliobaki. Mama anakula, ingawa anakula kama mtu aliyetumwa. Mbwa wako Polisi bado analala chini ya baiskeli yako, na mtu akiigusa anang'ata kwanza, kuuliza baadaye. Malewa yangu, ule mgahawa mdogo pale karibu na soko, inaendelea. Wateja wanakula bukari, huo ugali wetu, na samaki, wanalalamika kuhusu chumvi, na kesho wanarudi kulalamika tena.

Sasa nikuambie jambo ambalo najua litakufanya ugeuke huko ulipolala. Heri ulisikie kwangu kuliko kwa Baba Mudogo Kyungu, maana mdogo wako huyo, tangu ulipokufa, amekuwa mtu wa kusimama kwenye kaburi lako na kutuchongea wote. Nimenunua kisu cha ndoano.

Ndiyo. Kile kile. Kile chenye mdomo uliopinda mgongoni, karibu na ncha, makali yamefichwa ndani ya pindo. Unatoboa kitundu kwenye ngozi ya tumbo la mnyama, unaingiza ndoano, unavuta, na ngozi inafunguka kutoka ndani bila makali kugusa matumbo. Unakumbuka siku tulipokiona mara ya kwanza, sokoni, katikati ya tochi na makufuli? Ulikishika, ukakigeuza, ukakirudisha mezani kwa vidole viwili kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Ukasema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Hii njo kisu ya muntu asiyekuwa na vidole." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ulikuwa baba yangu na ulikuwa unachekesha. Leo sicheki. Leo ninakujibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu huna namna ya kunikatiza.

Wewe ulipasua kwa vidole. Wawindaji wakishamlaza ngulube chali, huyo nguruwe wa pori anayemaliza mihogo ya watu usiku mmoja, walikuwa wanarudi nyuma kidogo na kukuachia nafasi. Ulibana ngozi ya tumbo, ukaiinua, ukatoboa. Halafu uliingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kuonyeshea na cha kati, vimeachana, na kisu katikati yake, makali yanatazama juu. Vidole vilitangulia kusukuma matumbo chini, kisu kikafuata. Vilitembea pamoja mpaka kifuani. Sikuwahi kukuona ukitoboa utumbo. Nyongo ulikuwa unaitoa nzima, ya kijani, unaiinua juu watu waione, na hapo ndipo ulipopata haki ya kugawa nyama. Kwetu anayepasua ndiye anayegawa. Akitoboa, anakaa chini, na kila mtu anajikatia.

Na ulipogawa, ulianza na wajane. Kabla ya wenye mbwa, kabla ya wenye nyavu, kabla hata ya aliyechoma mkuki. Ulitandika majani ya mgomba, ukakata kidari, ukasema: "Hii ya wale wasiokuwa na muntu wa kuwasemea." Mara nyingine wawindaji walinung'unika. Ulikuwa unawatazama tu, kisu mkononi, nao wanakumbuka ghafla kwamba mbwa hawajapewa maji. Mimi ndiye niliyekushikia miguu ya mnyama, kwa sababu Mungu alikupa binti tu na wewe hukuona la kumlaumu. Kwa hiyo haya ninayajua kwa mikono yangu, sikusimuliwa.

Lakini mikono hii inakumbuka na jambo lingine. Inakumbuka siku kisu kilipoteleza. Ngulube alikuwa mzee, ngozi imekomaa, jasho linakuingia machoni. Kisu kiliruka kikaingia kwenye kidole chako cha kuonyeshea, ndani kabisa ya tumbo, katikati ya damu na uchafu. Niliona bega lako likishtuka, basi. Hukutoa sauti. Ulimaliza kazi, ukainua nyongo, ukagawa, ukaanza na wajane kama kawaida. Ndipo ukaenda kuosha mkono, ukabandika majani na chumvi, ukaniambia: "Kajeraha tu."

Kajeraha tu! Papa, nimelichukia neno hilo kuliko matusi. Kidole kilivimba, kiganja kikavimba, mstari mwekundu ukapanda mkono kuelekea kwapani. Nilikuja na pikipiki kukuchukua, ukanifukuza mbele ya majirani. Nikarudi, safari hiyo Mama amekaa mlangoni analia, ndipo ukapanda. Hospitalini daktari alikueleza kwa upole kabisa: kidole kitolewe ili mkono upone, na tukichelewa, mkono utolewe ili mtu apone. Wewe ukamuuliza: "Sasa kisu nitakiongoza na nini?" Daktari alidhani unatania, akatabasamu. Mimi nilijua hutanii. Ulishuka kitandani kwa miguu yako, ukaja kulala kwangu, kwenye chumba cha nyuma ya malewa, na huko homa ikafanya ilichotaka.

Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe ulikuwa nayo mawili ya namna hiyo. Ulipenda kutuambia kidole kimoja hakivunji chawa. Vizuri. Vingebaki tisa! Tisa, Papa, na Mama angekuwa na mume. Ulizikwa na vidole vyote kumi, kimoja kikiwa cheusi, na kwenye kilio watu wakasema umekufa kiume. Nilitaka kuwapiga kwa mwiko. Hukufa kiume, ulikufa kwa ubishi. Ninakukasirikia mpaka leo. Nikichoka kukasirika ninakulilia, halafu nikishapangusa uso ninaanza tena kukukasirikia.

Siku moja kabla hujaanza kusema maneno yasiyoeleweka, ulinishika kwa ule mkono mzima, ukasema: "Kisu yangu njo mukono yangu. Usikiache." Nilikupa maji. Naona ulichukua yale maji kuwa ndiyo.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa chini ya paa la Baba Mudogo. Unaijua desturi yetu ya kupyana: marehemu haachwi apotee hivi hivi, mtu anachaguliwa kushika nafasi yake na vyombo vyake ili kazi yake isilale. Mimi nilikuja tayari kwa vita. Nilijua watasema mwanamke hapasui mnyama, mwanamke atalikausha pori. Nilikuwa na maneno ya kuwajibu kuanzia hapo mpaka Kabalo. Wala hayakuhitajika. Baba Mudogo alisimama, akakohoa, akasema: "Feza njo alikuwa anashika miguu. Feza apyane." Wazee wakaitika. Shangazi wakapiga vigelegele. Nikabaki na ugomvi wangu mdomoni, sina wa kumpa.

Nimekosea. Nilimpata mara moja. Baba Mudogo alifungua kitambaa akakitoa kisu chako, kile ulichofuliwa kwa springi ya lori, mpini wake umelainika mpaka una umbo la kiganja chako. Walikuwa wamekiosha, lakini mti unakunywa. Pale kwenye pembe ya mpini, karibu na chuma, palikuwa na doa, na doa lile halikuwa la ngulube. Alininyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

Nikasema: nafasi ninaitaka, kisu sikitaki.

Ungeziona nyuso zao. Shangazi mmoja aliuliza kama nimekunywa. Baba Mudogo, mikono bado imenyooshwa, alisema: "Hakuna nafasi bila kisu, Feza. Kisu ya marehemu njo inajua njia." Nikamwambia njia inayoijua tumeiona inakoishia, na tumeifukia juzi. Hapo pakachafuka. Huyu analia, yule ananiita mtoto asiye na adabu, mwingine anauliza tangu lini marehemu akakataliwa mbele ya watu. Mama alikuwa haniangalii usoni, alikuwa ameiangalia mikono yangu iliyokuwa magotini.

Hawakuniweza. Ubishi huu sikuuokota njiani, Papa, unajua mwenyewe ulikotoka. Mwishoni Baba Mudogo alikaa chini, akapangusa jasho, akasema: "Mutoto akililia wembe, mupe." Lakini akatia sharti. Nitafute kisu changu. Nije kwenye windo la kwanza, nipasue mbele ya wote. Nikitoboa utumbo, nafasi yako inakufa pamoja na wewe, hakuna wa kupyana tena, na tangu siku hiyo kila mwindaji atajikatia. Maana yake sote tuliijua. Wanaume wenye visu wakijikatia, hakuna anayekumbuka mlango wa mjane. Na safari hii katika hesabu ya wajane alikuwemo Mama.

Kwa hiyo nilikwenda kuchagua kisu kama mwanamke mwenye akili anavyochagua mume, yaani kung'aa sikukujali. Mama Zaina, yule mfanyabiashara anayevuka ziwa na mizigo ya Kigoma, alikuwa na vya ndoano viwili. Cha kwanza kilikuwa kirefu, kinametameta kama kioo cha saluni, na picha ya swala kwenye mpini. Cha pili kilikuwa kifupi, kizito, cheusi, mpini wa mpira wenye mikwaruzo. "Dada yangu, chukua hiki cha swala," aliniambia, "hicho kingine hata wezi wanakiruka." Nikamwambia asubiri.

Nilikuwa nimekuja na vibofu vya mbuzi. Usicheke. Tulichinja mbuzi asubuhi kwa ajili ya wateja, nikavitoa vibofu, nikavisafisha, nikavipuliza kwa ganda la kalamu na kuvifunga kwa uzi. Kimoja nikakitia ndani ya mfuko mtupu wa mchele, nikamwomba Mama Zaina ashike upande mmoja, mimi nikavuta mwingine mpaka ukakaza kama tumbo. Kisu kitakachofungua mfuko bila kupasua kibofu, nikamwambia, ndicho nitakachonunua. Unalijua soko letu. Kabla sijatoboa tulikuwa na umati. Mpagazi mmoja akauliza kama ninakwenda kuvua ngulube ziwani na ndoano hiyo. Nikamjibu nitaanza na yeye.

Cha swala kiliingia vizuri, kikaanza kufungua, halafu pa! Mama Zaina akaruka, watu wakashangilia kama wameona bao. Nilikigeuza nikaona ubaya wake: ncha yake, mbele ya ndoano, ilikuwa kali kama sindano. Ndoano inafungua ngozi huku ncha inachoma kilicho chini. Kisu cha namna hiyo ni cha kutundika ukutani. Cheusi, mbele ya ndoano kilikuwa na ulimi mnene, butu, umeviringwa kama mkia wa kijiko. Nilikiingiza, nikavuta. Mfuko ukafunguka mpaka mwisho, na ule ulimi ukawa unatembea juu ya kibofu, unakisukuma chini taratibu, na kibofu kinalala chenyewe. Nilisimama pale katikati ya soko, machozi yakanitoka mbele ya wapagazi. Niliona kitu hiki ni nini. Ni kidole, Papa. Mtu ambaye hakukujua, katika nchi ambayo siijui, aliketi akatengeneza kidole cha chuma ambacho hakivimbi. Mama Zaina alidhani ninalilia bei, akanipunguzia.

Nilikikagua kama ulivyokuwa unakagua jembe. Chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, hakikuchomekwa nusu. Mpira wa mpini haunywi damu, na hata mkono ukiwa na mafuta hautelezi. Mdomo wa ndoano niliupima kwa kipande cha ngozi ya ngulube ulichoacha wewe mwenyewe nyuma ya mlango, kile ulichokuwa unafutia miguu: ngozi iliingia, kidole changu hakikuingia. Na jiwe lako la kunolea halifai, haliwezi kufika ndani ya pindo. Ninatumia spoku ya baiskeli niliyoizungushia msasa, ninaisugua polepole, kwenda mbele tu. Spoku ni ya baiskeli yako. Polisi aliniuma kwa ajili yake.

Nilijifunza kwa mifuko ya unga. Nilifungua mifuko mpaka Mama akasema siku si nyingi tutapika bukari ya kukwangua sakafuni. Lakini alikuwa anakaa kwenye kigoda chake ananitazama, na nilipotaka kuacha alikuwa ananisogezea mfuko mwingine kwa mguu.

Windo lilikuwa asubuhi, kwenye mihogo ya upande wa mto, umande bado haujakauka. Walimpata dume kubwa, wavu ukamshika, mikuki ikamaliza. Walipomlaza chali, Baba Mudogo alichuma majani, akayatandika juu ya kifua cha mnyama, na juu ya majani akakiweka kisu chako. Wote walinitazama. Mpini ulikuwa umeelekezwa kwangu, na kile kishimo cha gumba lako kilikuwa kinaniita, siwezi kukudanganya. Nilikiinua pamoja na majani yake, nikakipeleka pembeni, nikakiweka juu ya kisiki, vizuri, kama unavyomkalisha mgeni. Halafu nikatoa cheusi changu kiunoni, na glavu za mpira mfukoni. Kwa glavu walicheka. Niliwaacha wacheke mpaka wamalize.

Nilibana ngozi kama ulivyonifundisha, "kama unabana shavu ya mutoto", nikainua, nikatoboa. Hilo ni lako na ninakushukuru, sikulibadilisha. Nikaingiza ndoano nikavuta. Ngozi ikafunguka kama zipu ya koti, manyoya hata hayakuguswa, maana makali yanatokea chini yake. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona: "Angalia ile." Nikajisemea, Papa, unaona?

Ndipo ikakwama. Katikati ya tumbo dume lile lilikuwa na kovu la zamani, labda mkuki wa mtu mwingine, ngozi imejikusanya ngumu kama soli. Nilivuta, wapi. Nikivuta kwa nguvu, kisu kitaruka, na kikiruka nimekwisha. Hapo ndipo wewe ungetia vidole, na kila mtu alilijua hilo. "Tia kidole!" Baba Mudogo akapiga kelele. "Tia kidole, Feza, ongoza!" Wengine wakaitikia kama wanaimba, tia kidole, tia kidole. Na vidole vyangu viwili vya kushoto vilikuwa vimeshanyooka, Papa. Vilinyooka vyenyewe, bila kuniuliza, kama vyako. Niliviangalia pale kwenye ukingo wa tumbo lile. Nikavikunja.

Nikasema: "Kidole kilizikwa, Baba."

Polisi, aliyetufuata windoni, alipiga chafya. Nikaitoa ndoano, nikahamia upande wa kifua, nikabana ngozi tena, nikatoboa kitundu kingine, nikavuta kurudi kwenye kovu kutoka upande wa pili. Kovu lenyewe nikalikamata kwa kiganja kwa juu, nikaliinua mbali na matumbo, nikalikata kutoka nje kwa makali ya kawaida ya kisu, yale ya upande usio na ndoano, kidogo kidogo, kama mtu anayefumua pindo la nguo. Ilichukua muda. Wewe ungekuwa umeshamaliza na unavuta sigara. Mmoja akasema jua litatuzamia. Nikamwambia atangulie kutafuta tochi.

Matumbo yakateleza nje mazima, yanafuka mvuke, hakuna harufu mbaya. Nikavuta ini, nikaikata nyongo nje, mwangani, mahali ninapoona kila kidole changu kilipo. Nikaiinua. Ilikuwa ya kijani, nzima, inatikisika. Nilikaa nayo juu muda mrefu kuliko wewe ulivyokuwa unakaa nayo, kwa sababu nilitaka kila mmoja wao aione na akalale nayo.

Baba Mudogo hakunisifu, unamjua. Alikwenda mwenyewe kwenye mgomba, akakata majani, akayatandika chini mbele yangu, mahali pa fungu la wajane. "Anza," akasema. Nikakata kidari. Nikasema yale maneno yako, ya wale wasiokuwa na muntu wa kuwasemea, nikaanza kutaja majina ya wajane, na nilijua jina linalofuata. Sikuweza, Papa. Wewe ulikuwa unamkatia nani, na sasa mimi ninamkatia nani. Baba Mudogo ndiye aliyelimalizia, anatazama pembeni: "Na ya muke wa kaka yangu." Fungu lake nililifanya kubwa kuliko mengine. Mtu mmoja akanung'unika. Nikamtazama tu, kisu mkononi, naye akakumbuka kwamba mbwa hawajapewa maji.

Nilipomfikishia Mama nyama yake, hakuiangalia. Alinivua glavu, akaigeuza mikono yangu, juu na chini, akapitisha gumba lake kwenye kila kidole kama anayechambua maharage. Halafu akasema, "Nenda kawashe moto," akaingia ndani, akakaa huko kidogo.

Kuhusu kisu chako. Baba Mudogo alitaka tukizike pembeni yako, mlale pamoja. Nilikataa. Hakitalala na wewe, kimeshakufanyia ya kutosha, na kile si mkono wako, ni chuma cha lori. Nimekileta Kalemie, kwenye malewa, na kazi yake sasa ni kukata vitunguu. Ndiyo adhabu niliyokipa. Kila mpishi anayekishika analia. Juzi Mama alikuja kunisaidia, akakiona mezani. Nilifikiri atakitupa nje. Akavuta kigoda, akachukua kitunguu, halafu kingine, akakata beseni zima, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na nilipomkaribia akasema: "Ni vitunguu." Nikamwambia ninajua, Mama, ni vikali mwaka huu.

Basi lala, Papa. Msamaha sikuombi, na wa kwangu bado sijakupa, tutauzungumza. Ahadi ninakupa. Nafasi yako nimeishika na hakuna atakayenitoa. Wajane watakula kwanza. Kidole changu hakitaingia tumboni pamoja na makali, hata wakiniimbia. Na nikijikata, hata kwa kifuniko cha kopo la nyanya, nitakimbia hospitali na nitapiga kelele njia nzima ili Kalemie yote ijue kwamba Feza ana kajeraha.

Nitazeeka. Nimeamua. Nitakuwa kikongwe mwenye maneno mengi, meno machache, na mbwa mwenye tabia mbaya. Nitakapofika huko, usiniulize kisu chako nilikiacha wapi. Ulisema hiki changu ni cha mtu asiyekuwa na vidole. Nitakunyooshea mikono yote miwili, na kumi hivyo vilivyokunjamana kwa uzee, uvihesabu mwenyewe.

Binti yako,
Feza